Siku 29 bila kukanyaga nchi kavu: nilivyoisindikiza kahawa ya Bukoba hadi Amerika, na hesabu yangu ya akamwani iliyokosea

Wakuu, salamu kwenu nyote. Za shikamoo nitazipokea kwa wingi, maana kwa umri wangu humu ndani nadhani tumebaki wazee watatu tu.

Juzi kijana mmoja aliuliza kuhusu zile cruise za kuvuka Atlantiki, zenye sea days nyingi mfululizo, yaani siku za majini bila kugusa bandari. Alitaka kujua kama ni starehe au ni jela inayoelea. Nikasoma majibu yenu yote. Wengi mliojibu kwa kujiamini hamjapanda hata meli ya kwenda Mwanza!

Basi ngoja niseme mimi niliyewahi. Naandika kwa kidole kimoja, mjukuu anasahihisha herufi tu. Sitaongeza chumvi, ile niliyoinywa kule inanitosha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, ujamaa umepamba moto. Nilikuwa karani wa ushirika wa kahawa, Bukoba. Nimepanga chumba Kahororo, nyumbani kwetu Muleba. Kijana, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni ingawa moja ilikuwa haina wino.

Siku hizo mikutano ilikuwa haiishi. Katika mkutano mmoja mzee kutoka Kaagya akasimama akasema, "Waitu, ndugu zangu, tunapanda, tunapalilia, tunachuma, tunaanika. Kuna mtu humu ndani amewahi kuona inakokwenda?"

Hata mwenyekiti aliangalia dari.

Ikaamuliwa mtu mmoja aisindikize kahawa yetu hadi inakopokelewa, akaone kwa macho, arudi atuambie. Nikachaguliwa mimi kwa sababu Kiingereza nilikijua na sikuwa na mke wa kunizuia.

Mke sikuwa naye, ila mama nilikuwa naye.

Sasa hapa inabidi niwaeleze kidogo. Nilikuwa na kaka, Kaijage. Miaka michache kabla ya uhuru alipanda mtumbwi kule Rubafu. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana mpaka leo. Tangu siku hiyo mama hakukanyaga ufukwe wa ziwa. Samaki alikuwa hali. Akienda Bukoba mjini, upande wa ziwani hageuki hata kuutazama.

Nilipomwambia naenda Amerika kwa meli, aliendelea kumenya ndizi. Hakuinua uso. Wiki tatu hakulitaja jambo hilo, na mimi nikaendelea na maandalizi moyo ukiwa mzito.

Maandalizi yenyewe: pasi ya kusafiria, kadi ya manjano ya chanjo, suti moja, sweta mbili, mkoba wa omutere, yaani ndizi zilizokaushwa, na tangawizi ya kichefuchefu. Vijana wanaokwenda cruise, tangawizi msiidharau.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinakosekana, akamwani.

Kwa wasiotujua Wahaya: akamwani ni matunda ya kahawa yaliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa. Tunayatafuna. Mgeni anapewa, na msafiri anapewa mlangoni na mwenye nyumba kabla hajatoka. Ukiondoka bila akamwani ya mama yako, umeondoka mmegombana, hata kama hakuna aliyetukana mtu.

Jumapili ya mwisho nikaenda Muleba kuaga. Tumekula, tumemaliza, dada yangu Koku ametoa vyombo. Ndipo mama akafungua mdomo.

"Ni siku ngapi hutaona udongo?"

"Ishirini na nne, Mawe." Ndivyo Wahaya tunavyomwita mama.

"Nani kasema?"

"Imeandikwa kwenye ratiba ya meli."

Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa vita, kwa hiyo meli yetu ingetoka Dar, izunguke kusini yote ya Afrika, halafu ikate Atlantiki hadi New York bila kutia nanga popote.

Mama akaingia ndani, akarudi na kapu la akamwani. Akasema tutakuwa tunatafuna pamoja. Kila jioni kengele ya kanisa ikilia saa kumi na mbili, yeye atatafuna tunda moja Muleba na mimi moja huko majini. Ndivyo atakavyojua nipo.

Wakuu, nilitaka kulia. Lakini nilikuwa karani.

Akaanza kunichotea kwa viganja viwili. Nikamzuia! Nikamwambia hapana Mawe, tufanye kwa hesabu. Nikahesabu ishirini na nne zangu, nikahesabu ishirini na nne zake, kila fungu kwenye jani lake la mgomba.

"Ongeza kidogo," akasema.

"Ya nini? Meli za kisasa hazibahatishi."

"Mwana wange, maji hayasomi ratiba."

Nikacheka. Halafu nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujipiga kofi. Nilisema, "Nitapiga telegramu siku tutakayong'oa nanga, uanze kuhesabu. Ukimaliza ya mwisho, kesho yake itakuja nyingine kwamba nimefika. Isipokuja, hapo ndipo ulie."

Nilidhani namtania. Hakucheka, alifunga fungu lake akaliweka kifuani.

Basi, kahawa ikaenda kwa meli ya ziwa na treni, na mimi nyuma yake. Dar nikapiga telegramu, tukaondoka.

Meli ilikuwa ya mizigo, abiria tulikuwa watano. Cabin yangu ilikuwa ndogo, ila ina dirisha la duara. Siku tatu za kwanza sikufaidi chochote, nilikuwa nimeinamia ndoo. Ya nne nikaamka mzima, nikapanda juu.

Kijana uliyeuliza, sikiliza hapa. Starehe ya sea days ni kwamba hakuna anayekuhitaji. Hakuna mkutano, hakuna bosi, hakuna jirani wa kuomba kiberiti. Asubuhi nilikuwa nazunguka sitaha mara ishirini kwa miguu. Nikaona samaki wanaoruka, kundi zima, wanametameta. Kule kusini nikaona nyangumi, nikapiga kelele peke yangu. Mchana nilisoma, jioni nilikaa karibu na mlango wa ngama, lile tumbo la meli linalobeba mizigo. Kahawa yetu ilikuwa mle chini, na hewa ilipotoka ilinukia Muleba wakati wa kuanika. Sijawahi kupumzika namna ile tena maishani.

Tatizo likawa saa. Kila baada ya siku kadhaa nahodha alirudisha saa za meli nyuma. Nikajikuta sijui tena Muleba ni saa ngapi, na mama anatafuna lini.

Nikaambiwa nimuulize fundi wa redio, Mgiriki kijana kama mimi, jina lake Kostas. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, changu cha shule. Nikamweleza shida yangu kwa mikono na miguu. Alidhani mama yangu ni mgonjwa. Alipoelewa alicheka, akachukua kipande cha karatasi akaandika "MAMA" akakibandika kwenye saa yake ya redioni. Ile saa ilikuwa haibadilishwi hata meli iende wapi. Akanionyesha mshale ukifika wapi ni jioni ya Muleba.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda kutafuna kwenye chumba chake. Na wakuu, huwezi kutafuna mbele ya mtu peke yako, si adabu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili, nikampa moja. Wazee wetu walipofanya undugu, ule wa omukago, waligawana hivyo hivyo, punje mbili za tunda moja, na ndugu wa namna hiyo huwezi kumnyima kitu. Nilimweleza. Akakunja uso kwa uchungu wa ile punje, lakini kesho yake alinyoosha kiganja mwenyewe.

Tukaenda hivyo. Kwa kadiri tulivyosogea magharibi, jioni ya mama ilikuja mapema zaidi kwangu. Mwishoni jua lake lilikuwa linazama wakati mimi nimetoka kunywa chai ya asubuhi.

Lakini kule kwenye ncha ya Afrika tulikuwa tumepigwa na dhoruba siku mbili, tukaenda mwendo wa konokono. Halafu katikati ya Atlantiki mashine moja ikaharibika. Siku ya ishirini nahodha akatutangazia abiria, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba tutachelewa siku tano.

Abiria wengine walifurahi, siku tano zaidi za kula bure!

Mimi nilikwenda cabin nikafungua jani. Yalibaki matunda manne, na mama alibakiwa na manne. Baada ya hapo angekaa mlangoni kusubiri telegramu, na isingekuja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia siku hiyo alie. Mwanamke aliyekwisha kulilia maji mara moja. Nililia mimi kwanza, nawaambia ukweli.

Siku ya ishirini na nne tukatafuna la mwisho. Kostas akaniona uso. Akauliza, nikamweleza yote, pamoja na ujinga wangu wa ukarani.

Hakusema pole. Aliuliza, "Mama yako, anwani gani?"

Nikamwambia telegramu binafsi ni lazima nahodha akubali, na mimi sina ruhusa. Akanyoosha kidole kifuani kwake, halafu kwangu, akasema, "Coffee brother," yaani ndugu wa kahawa. Nikamwandikia anwani na maneno, akavaa vile vitu vya masikioni, akaanza kugonga. Kila herufi ya Muleba aliigonga kama anatwanga: NIPO MZIMA MELI IMECHELEWA USILIE.

Siku tano zilizobaki sikuwa na cha kutafuna. Bado nilikwenda chumbani kwake saa ile ile, tukakaa tu, tukatazama saa yenye karatasi ya MAMA. Sikujua kama ujumbe umefika. Baharini unatuma neno kisha unabaki na matumaini.

New York tulifika siku ya ishirini na tisa, nikapiga kwanza ile telegramu niliyoahidi. Nikaiona kahawa yetu ikishushwa, nikaona mizani, nikaona maghala, nikaona watu wakiinywa wamesimama bila hata kukaa kuongea. Hayo niliyapeleka kwenye mkutano na yule mzee wa Kaagya aliniuliza maswali saa nzima.

Nilirudi kwa ndege miezi miwili baadaye. Barua ya nyumbani ilikuwa imenifikia, ikasema wote wazima, basi. Kwa hiyo nilijua tu kwamba mama yupo. Kilichotokea sikukijua mpaka nilipofika Muleba na Koku akanisimulia.

Telegramu ya Kostas ilifika Bukoba, lakini mvua ilikuwa imekata barabara. Ilikaa kusubiri lori la kahawa. Mama aliipata siku ya thelathini na moja, ile ya New York ikafuata nyuma yake.

"Sasa siku zote hizo?" nikamuuliza Koku. "Alilia?"

Akasema siku ya ishirini na tano majirani walikuja. Baba mdogo akasema tuanze kupanga matanga. Wanawake walishaanza kufunga viuno. Mama akatoka ndani akawaambia, "Nendeni mkalime. Sijamaliza."

Wakamwambia umemaliza, tumehesabu wote ishirini na nne. Akasema, "Nimemaliza zangu. Za kwake bado."

Wakuu, mama alikuwa anapasua kila tunda. Kila jioni alitafuna punje moja, na ya pili aliiweka kwenye jani lingine, ya kwangu. Mimi nilipomkatalia nyongeza hakubishana na karani, alijitafutia nyongeza yake ndani ya hesabu yangu. Kwa hiyo siku ya ishirini na tano alikuwa bado na punje ishirini na nne. Alitafuna sita ndipo telegramu ikafika.

Jioni ile aliniletea jani. Kumi na nane zilizobaki, zimekauka.

"Nusu zako hizi," akasema. "Na wewe, nusu zangu ziko wapi?"

Nikaona aibu. Nikamwambia nilimpa Mgiriki mmoja, siku baada ya siku, na ndiye aliyegonga ile telegramu.

Akaniuliza jina lake, nikamwambia. Akajaribu kulitamka mara mbili, likawa Kositasi.

"Ana mama?"

"Anaye."

"Basi mtumie zake tisa." Akazihesabu mwenyewe, akazifunga. Halafu akasema jambo lililomfanya Koku aache alichokuwa amekishika: "Kesho nipeleke ziwani."

Tulikwenda. Alivua viatu, akaingia mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, miaka mingi tangu ayape mgongo. Akatafuna punje moja. Akanipa moja. Ya tatu akairusha mbele, mbali kadiri mkono wake ulivyoweza.

"Ya Kaijage," akasema. "Hajapewa ya mlangoni, alitoka bila kuaga."

Tukarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata alinunua samaki.

Ndiyo hayo, kijana. Nenda kwenye hiyo cruise, ni nzuri sana, sea days ndizo utamu wenyewe. Ila ukipanga, weka siku za akiba, na yule anayebaki nyumbani usimpe siku ya kulia. Mzazi akikwambia ongeza kidogo, mwache aongeze.

Mliowahi kukaa majini siku nyingi, au mliowahi kusubiri mtu aliye majini, njooni tusikilizane. Na wapenda kubisha pia karibuni, muda ninao na kidole kimoja kinatosha.