Asubuhi mtaonana

Mama amekataa kupanda treni, na kosa ni langu.

Wiki nzima napanga. Basi kutoka Masasi hadi Dar, halafu treni ya kulala hadi Mbeya, akamwone dada yangu anayeumwa.

Leo nikamweleza utaratibu wa treni: vyumba vya wanawake mbali, vya wanaume mbali.

"Asubuhi tutaonana, Mama."

Akaweka kikombe chini.

"Baba Asha, ndivyo tulivyoambiwa pale mto Ruvuma, tunakimbia vita vya Msumbiji. Wanawake vukeni kwanza. Asubuhi mtaonana na waume zenu."

Mimi nilikuwa tumboni. Nimezaliwa Newala, na baba sijamwona mpaka leo.

Sasa jamani, anayejua anisaidie: nikilipia vitanda vyote vinne, watatuacha tulale chumba kimoja?