Dirisha la Chumba cha Mama

Harufu ya udongo uliolowa ndiyo iliyonimaliza. Nilitoka kisimani, nikamkuta Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, anaziba dirisha nililolifungua juzi katika chumba cha mama. Binti yangu Mwanaidi, miaka minne, anamkanyagia udongo huku anacheka, matope hadi magotini. Subira yangu ikaishia hapo hapo.

Maana miguu ile niliijua. Ilikuwa yangu.

Nilikuwa na umri kama wake, katika nyumba hii hii ya Kisarawe. Chumba kile kilikuwa giza hata adhuhuri. Mama alishona kofia, zile za vitobo vidogo vidogo, na humo ndani uzi mweupe hauonekani. Siku moja baba yuko Kibaha kwenye mkonge, mama akachukua panga, akabomoa udongo wa ukuta, akakata fito, akatoboa dirisha. Jua likaingia hadi mvunguni. Tukagundua paka amezaa humo siku nyingi! Mama akatandika mkeka pale, na chumba cha kulala tu kikawa cha kukaa watu.

Baba Mkubwa akaja. "Shemeji, unataka wapita njia wakuhesabu nywele?"

"Wakimaliza, shemeji, waniambie ziko ngapi."

Hakucheka. Alichota maji, akaniita mimi. "Njoo, mama, ukanyage."

Nami nilikanyaga! Udongo wa baridi ulipenya vidoleni, nikaimba, kila tonge la kuzibia dirisha nikampelekea mwenyewe. Mama alinitazama, sindano mkononi. Tangu hapo alishonea kwenye mlango wa uani, na mvua za masika zikinyesha alishonea gizani kwa kupapasa. Kabla sijamaliza shule, mimi ndiye niliyemtungia uzi sindanoni. Nilidhani siku ile tulicheza. Kumbe nilikuwa namzibia mama macho.

Basi nikamtoa Mwanaidi kwenye matope.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Acha."

"Marahaba. Nyumba ya ndugu yangu hii."

"Alinipa mimi, na mashahidi wapo."

Akachota tonge jingine. Nikamwosha mtoto miguu, nikaandika mashtaka yangu kwenye karatasi, nikambeba mtoto mgongoni hadi barazani kwa liwali. Karani akauliza nani kaniandikia. Nikamwambia asome tu:

"Mimi, Zuhura binti Saidi, namshitaki baba yangu mkubwa kwa kuziba dirisha la nyumba yangu bila idhini yangu. Naomba aamriwe alifungue kwa mikono yake mwenyewe, mchana, binti yangu akimtazama."