Mtani wa Mwalimu Stellamaris

Rosalia aliwaaga majirani zake wa Mbwawa, Kibaha, kwamba anakwenda kupumzika siku tatu kando ya bwawa. Hakudanganya, ila hakumaliza. Bintiye Stellamaris alikuwa amepangiwa kufundisha huko, mbele ya Msimbu, wilayani Kisarawe, na mama alikwenda kuona kama anateseka. Mumewe, Faustine, alikuwa anasubiri simu tu aanze kuhangaikia uhamisho.

Jumamosi asubuhi Stellamaris alimpeleka gulioni. Soko lilishuka na mteremko hadi majini. Bwawa lilikuwa limetulia kati ya vilima vya mikorosho, ukingoni limejaa maua ya yungiyungi. Rosalia alikiri moyoni kwamba ni pazuri, kisha akatazama kama kuna mamba.

"Hakuna, mama. Tangu jana umeuliza mara nne."

Walinunua perege watano. Walipokuwa wanapita kwenye mihogo, muuzaji mmoja mtu mzima, Bi Mwamvita, akachomoa perege mkubwa kuliko wote kwenye kapu la Stellamaris, akamtia ndooni kwake, akafunika, akaikalia.

"Wanne wanakutosha, mwalimu. Mnyamwezi akishiba sana anasahau kubeba mizigo."

Watu wakacheka. Stellamaris naye akacheka, na hilo ndilo lililomuuma mama yake: mtoto ameonewa mpaka amezoea. Kibaha wameishi miaka ishirini na hakuna jirani aliyewahi kuwauliza kabila. Akamshika mkono.

"Twende. Kesho unarudi na mimi."

"Mama, huyu Mzaramo, mtani wetu. Nilipougua malaria alikaa na mimi zahanati siku mbili, ananisema najidai mgonjwa nisibebe mizigo."

Rosalia akasimama. Akakumbuka Nzega, utotoni, siku ya kumzika babu yake. Mzaramo mmoja, mfanyakazi wa reli, aliingia kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Bibi yake, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka, kisha akaomba uji.

Akageuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe hata hili kubwa linajua kuamkia?"

"Linajua. Babu zetu walibeba meno ya tembo mpaka pwani, wakawakuta babu zenu wamekaa njiani wanadai hongo. Naona kazi bado ni ileile."

Gulio zima likaangua kicheko. Bi Mwamvita alicheka mpaka akashika mbavu, lakini kwenye ndoo hakuinuka.

Jioni alimleta yule samaki nyumbani kwa mwalimu, amempaka nazi, akajikaribisha mwenyewe na kuchagua kiti kizuri. Walikuwa bado wanakula Rosalia alipompigia mumewe.

"Ule uhamisho uache."

"Kwani kumetokea nini huko?" akauliza Faustine.

"Nimetukanwa sokoni," alisema Rosalia, mdomo umejaa. "Na kesho natukanwa tena, kwa hiyo usinitegemee kabla ya Jumatano."