Leso ya Tuktuk Yangu

Nakiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Bondeni, maana wao watatia chumvi.

Tuktuk yangu ni ya umeme, na pale kituo cha chaji karibu na Buxton tuktuk zote ni za rangi moja. Yangu naijua kwa leso nyekundu ambayo mke wangu ameitandika kitini. Juzi nilichomeka waya, nikaenda msikitini kuswali alasiri. Kurudi, naona ile yenye leso nyekundu haina waya. Waya umo kwenye tuktuk ya pili, kiti kitupu!

Nikapandwa na hamaki. Nikauchomoa, nikauchomeka kwenye ile yenye leso, kisha nikawahubiria wote waliokuwepo: "Hamna haya! Mtu yuko mbele ya Mola wake, nyinyi mwamwibia zamu?" Nikasimama ulinzi nusu saa nzima, mikono kiunoni.

Akaja Swaleh, kaka wa mke wangu, naye ni dereva vilevile.

"Allah akulipe, shemeji," akasema. "Umenitilia chaji, na zamu yangu haijafika."

"Yako? Leso ya mke wangu hiyo!"

"Ni yake. Doti ina vipande viwili, kimoja alinipa mimi."

"Na changu kaiba nani?" nikafoka.

Swaleh alinyoosha mkono, akakitoa begani mwangu, kikiwa bado kimelowa maji ya udhu niliyojifuta.