Antena Ndefu Kuliko Zote Mtaani

Habari hii wengi wenu mnaijua nusunusu, na najua kuna wanaoisimulia vijiweni pale Mwanjelwa huku wanacheka, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika, muijue na ile sehemu ambayo haichekeshi hata kidogo.

Mimi mnanijua, ni mtu wa redio za ridhaa (leseni ninayo, msinitazame hivyo), zile za kuongea na wenzako walio mbali bila simu wala mtandao, na mwenzangu mkubwa ni Mwalimu Luhanga wa Iringa mjini, mwalimu mstaafu wa fizikia. Asubuhi hewa ikiwa imetulia tulikuwa tunasikiana kwa taabu, neno moja linakuja, mawili yanapotea. Nikaona dawa ni antena ya kuelekeza, ile yenye vijiti vilivyopangwa kwenye bomba kama mifupa ya samaki, ukiielekeza upande mmoja nguvu yote inakwenda huko. Mwalimu akanishauri nitengeneze ya vijiti vichache.

"Ya vijiti vingi inafika mbali, sikatai," alisema, "ila ni kama tochi ya mwanga mwembamba, ukikosea upande humuliki kitu. Na wewe dira huna. Chukua fupi, itakusamehe."

Sasa mimi na kusamehewa wapi na wapi? Nikamwambia fundi anikatie mabomba ya alumini, nikajaza vijiti mpaka majirani wakauliza kama nafungua kituo cha utangazaji, na sifa ile, jamani, niliipenda.

Upande wa Iringa niliutafuta hivi. Huku kwetu Mbeya kibla ni kaskazini, inalalia mashariki kidogo, kwa hiyo ukiielekea kibla, Iringa inakuwa kati ya mbele yako na mkono wako wa kulia. Na ukiwa juu ya bati langu, ukuta wa mbele wa msikiti wa mtaani unauona vizuri kabisa. Nikauchukua ukuta ule kuwa ndio kibla, nikapima, nikakaza nati, nikashuka giza likiingia, nikasema nitaijaribu kesho asubuhi.

Alfajiri ile Baba Mkubwa akafariki.

Baba Mkubwa ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kuondoka duniani, na mtoto wake wa kumzaa ni mmoja tu, Zuhura, ambaye ameolewa Ipogolo, kule kule Iringa, anauza vitunguu pale kando ya barabara kuu. Simu za Mbeya zilikuwa zimekufa tangu jana yake, mvua imekata mkonga wa mawasiliano, mji mzima kimya. Wazee wakakubaliana tuzike baada ya Alasiri, kwa sababu Zuhura akipata habari asubuhi na kupanda basi palepale Ipogolo, atawahi kuuona uso wa baba yake. Binamu yangu Hamisi, yule wa buchani, akajitolea kwenda na pikipiki mpaka Chimala, wanasema mtandao upo, akampigie simu kutoka kule.

"Tulia, Hamisi," nikamwambia mbele ya watu wote. "Unajichosha bure. Nina mtambo ndani."

Wazee wakanitazama kwa heshima, Baba Mdogo akanishika bega, na mimi nikazidi kuvimba kichwa, nikatoa spika nikaiweka dirishani ili msiba mzima usikie. Kila nikikumbuka ile spika najilaumu upya, maana nilimwita Mwalimu Luhanga, nikamwita tena, na kila nikiachia kitufe inasikika shhhhh tu mpaka kwa akina mama kule nyuma waliokuwa wanalia. Nikasema labda mwalimu bado kalala. Nikasema labda hewa haijatulia. Jua likapanda, watu wakaanza kutazamana, na mimi nikapanda juu ya bati kutikisa waya nisizojua kwa nini nazitikisa.

Huko juu nikasikia Baba Mdogo ananiita nishuke nimuage Baba Mkubwa, wanataka kufunga sanda, na ikishafungwa itafunguliwa usoni kwa Zuhura peke yake akiwahi.

"Nakuja, Baba Mdogo! Nakuja!" nikajibu, na sikwenda, maana Hamisi alikuwa amesimama chini ananitazama.

"We, umeielekeza wapi hiyo?" akauliza.

"Iringa si ile kule? Kibla hii hapa, Iringa ile."

"Kibla ipi?"

"Hamisi, ukuta wa msikiti huuoni?"

Akaugeukia msikiti. Halafu akasema, si kwa ubaya, ila mnajua sauti ya Hamisi haijui kunong'ona: "Ndugu yangu, ukuta ule umefuata kiwanja. Ndani tunaswali mshazari, mikeka yote imelazwa upande tangu tulipokarabati. Kwani wewe mle ndani umeingia lini mara ya mwisho?"

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Shehe aliinamia tasbihi yake. Mimi nikajibu kwamba huwa naswali dukani, na nadhani lile jibu lilisikiwa na bati peke yake.

Hamisi akapanda, akasimama juu pale kama anavyosimama kwenye safu ya swala, akanyoosha mkono kunionyesha kibla, na mimi nikalegeza nati nikaizungusha antena, jasho linanitoka na asubuhi ya Mbeya mnaijua ilivyo ya baridi. Nikashuka, nikabonyeza kitufe, nikaita mara moja tu.

"Kamwene! Kamwene!" Mwalimu Luhanga akajaa dirishani na salamu yake ya Kihehe kama yuko uani. "Nakupata vizuri sana! Nimesikia simu za huko hazishiki, nikajua utaita, tangu alfajiri sijatoka hapa!"

Nikampa habari. Akasema poleni, akakata, akachukua bodaboda kushuka Ipogolo. Nikatoka ndani mbio kuwaambia wazee, nikakutana na Baba Mdogo mlangoni, mikono yake bado ina maji.

"Tumeshafunga," akasema. "Tulikuita sana, mwanangu."

Alasiri tuliswali, na Shehe akavuta muda kadiri alivyoweza, lakini mvua ilikuwa inakusanyika, tukaenda tukazika. Zuhura alifika wakati wa Magharibi, kanga yake imejaa vumbi la safari. Akina mama wakampokea, akalia nao, kisha akaja mpaka nilipokuwa nimekaa peke yangu, akakaa karibu yangu.

"Kaka, nimesikia ulivyohangaika kunitafuta tangu asubuhi. Ahsante sana." Akajifuta macho. "Mimi sikuwahi. Wewe niambie tu, uso wake ulikuwaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ulikuwa mweupe, umetulia, kama watu wanavyosema siku zote, naye angelala na neno hilo.

"Sikuuona, Zuhura," nikamwambia. "Nilikuwa juu ya bati."

Aliniangalia tu, akafunika mdomo kwa kanga, akainuka akarudi kwa akina mama.

Kwa hiyo chekeni, ruksa, habari ya mikeka hata mimi siku hizi inanichekesha. Lakini siku hizi msibani nikiitwa kuaga, naacha chochote nilichoshika, naingia, namtazama maiti usoni mpaka nimkariri, kwa sababu yuko mtu njiani ambaye hatawahi, atafika, na ataniuliza mimi.