Kigego wa Bibi Semeni

Utoto wangu niliupitia mlimani, juu ya Mkuyuni, enzi ambapo Wajerumani walikuwa wakiwakusanya wanaume wa vijiji vyetu kwenda kutandika reli. Mama yangu alikwisha kufa, baba alikuwa huko relini, nami nililelewa na Bibi Semeni, mama mzaa mama. Watu walisema Bibi hana dini. Bondeni tulikuwa na mwalimu wa chuo aliyetufundisha Kurani, na ng'ambo ya mto, kwenye kijiji cha misheni, mjomba wangu Paulo alikuwa katekista. Wote wawili walimpenda Bibi, na wote wawili walimsikitikia, maana yeye alikuwa na mizimu yake tu na unga wa tambiko ndani ya kibuyu.

Mwaka huo jirani yetu mmoja alifariki, akaacha mtoto wa kike mikononi mwa mdogo wake. Mtoto alipotimiza miezi minane hivi, meno yakatoka, ya juu kwanza. Siku hizi ukisimulia hivyo watu watacheka. Sisi hatukucheka. Mtoto wa namna hiyo tulimwita kigego, na kila mtu alijua kwamba nyumba inayomlea watu wake hufa mmoja mmoja. Zamani vigego walipelekwa msituni wafe. Wajerumani walikataza, na jumbe alitangaza kwamba atakayemuua mtoto atanyongwa. Basi hakuna aliyemuua. Walimlaza tu nje, juu ya kipande cha mkeka chini ya mgomba, wakafunga mlango.

Mimi na Bibi tulikuwa tunarudi shambani, jua likiwa bado kali, yeye na mzigo wa kuni kichwani, tukasikia kilio. Watu walikuwa wamesimama mbali, nusu duara. Mwalimu alikuwapo, akisema kwamba kumtupa kiumbe cha Mungu ni haramu. Mjomba naye alikuwapo, akisema mtoto hana kosa lolote mbele ya Mungu. Walisema kweli. Lakini mwalimu alikuwa na watoto sita nyumbani, na mke wa mjomba alikuwa mjamzito, na miguu yao haikusogea.

"Bibi, tupite njia nyingine," nilimwambia.

Bibi alitua kuni.

"Nishikie jembe," akasema.

Alikwenda, akamwinua mtoto, akambeba mgongoni kwa kaniki yake.

Mjomba alimkimbilia. "Mama! Hujui huyo ni nani?"

"Najua kuliko wewe. Wewe umeambiwa si kweli. Mimi naamini. Nimezika ndugu zangu wawili kwa ajili ya mtoto kama huyu."

Tulipofika nyumbani alinyunyiza unga mlangoni, akaongea na wazee wake kama mtu anayeongea na majirani. "Mkitaka mtu humu ndani, mtu ni mimi. Huyu mjukuu wangu Mwanaidi hayumo." Kisha akafunga nguo zangu kwenye kifurushi, akanikabidhi kwa mjomba nikakae misheni. Nililia njia nzima. Niliamini anampenda kigego kuliko mimi, na ilinichukua miaka kuelewa kwa nini alinifukuza.

Kila asubuhi mwalimu alipeleka maziwa ya mbuzi. Aliweka kibuyu ukingoni mwa migomba, akakohoa ili Bibi asikie, akaondoka. Mjomba alikwenda kila Jumapili, akasali akiwa amesimama uani, mara nyingine mvua ikimnyeshea. Ndani hawakuingia.

Masika yalipokolea, Bibi akashikwa na homa. Kijiji kizima kilisema, haya sasa. Siku mjomba alipokwenda kumtoa mtoto, nilimfuata nyuma bila yeye kujua. Bibi alikuwa kitandani, amekonda, macho mekundu, na mtoto kando yake akimvuta sikio.

"Mama, mtoe huyu. Utakufa."

"Nitakufa akiwa hapahapa. Mwacheni."

Neno hilo ndilo likawa jina lake. Bibi akapona, nami nikakataa katakata kurudi misheni. Mwacheni alikua mtoto mkorofi, mwizi wa ndizi mbivu, na mke wa mwalimu alikuwa wa kwanza kuwaruhusu watoto wake wacheze naye.

Miaka ilipopita nilimtania Bibi. "Umeona sasa? Haikuwa kweli."

"Nani kasema si kweli? Zamu yangu haijafika tu."

"Basi kwa nini ulimchukua?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini watu hula. "Alikuwa analia, Mwanaidi. Wewe hukumsikia?"

Nilimsikia. Tulimsikia sote tuliokuwa pale, wa Kurani na wa msalaba.

Sasa nimezeeka, naswali swala zangu tano, na siwezi kusema dini haikunifaa. Mara nyingi kumcha Mungu kumenizuia pale moyo wangu ulipotaka baya. Hata mwalimu na mjomba, sidhani kama bila dini zao wangethubutu kukaribia uani kwetu. Lakini Bibi hakuna aliyemwahidi pepo. Imani yake yenyewe ilimwambia apite, naye aliiamini mpaka tulipomzika, akiwa mkongwe, Mwacheni akiwa ameshika kichwa chake.

Wajukuu zangu huniuliza kama Bibi yuko peponi. Nawaambia sijui, tumwombee. Nami humwombea kila siku, ingawa mara nyingine katikati ya dua nahisi kwamba mwenye haja ya kuombewa ni mimi.