Ndoo Ile Pale

Mama mwenyekiti wa jumuiya ile ya sala ya Kinampanda alikuwa na sharti moja: hakuna kumwombea mgonjwa kabla ya kumtekea maji. Viganja vyake vilikuwa na sugu za kamba ya kisima, na akikasirika sauti yake haikupanda, ilizidi tu kuwa ya taratibu. Alhamisi moja yeye na wanajumuiya walimkuta Yasinta, aliyepooza upande mmoja, amelalia shuka lililoloa mkojo tangu asubuhi, na nyumba nzima haina hata kikombe cha maji. Mzee Sixbert akafungua kitabu cha nyimbo.

"Kifunge, baba. Ndoo ile pale."

"Nimekuja kusali, mama. Sikuja kuolewa."

"Basi sali ukiwa njiani kwenda kisimani."

Wakacheka, lakini hakuna aliyeinuka. Mwenyekiti akaichukua ndoo. Akaenda kisimani mwenyewe, akarudi, akamwosha Yasinta, akafua lile shuka, huku wenzake wakiimba uani habari za upendo. Waliimba vizuri, naye akaona kinyaa.

Jumapili iliyofuata walimvua uenyekiti, wakampa Sixbert. Siku hizi jumuiya inasali kwa Yasinta kila wiki, na maji bado anayateka yule mama, peke yake.